UZI: Kwani jirani yetu wa karibu ni sayari gani? Kila ninaposoma naona namba tofauti

#1 Mla Mihogo

Wakuu salaam,

Jumanne ile ya tarehe 12 Agosti 2025 nilimsindikiza mama, basi lake la Korogwe linatoka saa kumi na mbili kasoro, sasa pale tunasubiri bajaji giza bado limetanda mama akaninyooshea kidole mashariki, "hebu ona zile nyota mbili, zimesogeleana kama zinanong'onezana." Kweli bwana, mbili kubwa zinawaka, ukinyoosha mkono kidole gumba kinazifunika zote. Nikamwambia ile kali ni Zuhura, hiyo nyingine Mshtarii (Jupita). Akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, "sasa hazitagongana?" Nikacheka, nikasema haiwezekani mama. "Kwa nini?" Hapo nikaona taa ya bajaji inakuja nikamshukuru Mungu.

Nimerudi home nikaingia mtandaoni nijisomee, nimetoka nimevurugwa zaidi. Umbali wa kutoka hapa hadi Zuhura, tovuti ya kwanza inasema km milioni 38, ya pili milioni 41, ya tatu milioni 261. Hii ni sayari moja hiyohiyo jamani, sio bei ya nyanya. Halafu kuna video jamaa anaapa kabisa kwamba sayari iliyo karibu na sisi kuliko zote wala sio Zuhura wala Mirihi (Mars), eti ni ile ya kwanza kabisa kule iliyokumbatiana na Jua. Na juu ya hapo kwenye grupu la familia imerudi ile meseji ya kila mwaka, tarehe 27 Agosti Mirihi itakuwa kubwa kama mwezi, tutoke nje usiku tukaone miezi miwili. Shangazi ameshaisambaza kwa watu kama 40.

Wajuzi njooni, nieleweshwe taratibu kama mnamweleza mama.

#2 Siti ya Dirishani

Nimekaa paleee na karanga zangu, ngoja waje

#3 Fundi Redio

Mkuu tuanze na swali la mama maana ndo swali zuri kuliko hayo mengine yote.

Siku ile Zuhura ilikuwa kama km milioni 190 kutoka hapa ulipo na Mshtarii karibu milioni 880. Kwa hiyo kati yao wenyewe kwa wenyewe kulikuwa na kitu kama milioni 690, zaidi ya mara nne ya umbali wetu na Jua. Zimeonekana zimekaribiana kwa sababu tulikuwa tumekaa kwenye mstari mmoja nazo, basi. Ni kama usiku umekaa barazani unaona taa ya kibanda cha chipsi na taa nyekundu ya mnara wa simu, ukisogeza kiti kidogo zinagusana, ila muuza chips hajawahi kuukaribia mnara hata siku moja.

Na kugongana haziwezi kwa sababu kila moja ina njia yake na njia hazikutani. Zuhura inazunguka km milioni 108 toka kwenye Jua, Mshtarii milioni 778, njia ya Mshtarii sio duara kamili kwa hiyo kuna sehemu inasogea ndani kidogo lakini hata ufanyeje hizo mbili hazishuki chini ya milioni 630. Mwambie mama alale.

Ile ya Desemba 2020 ndo ilikuwa kiboko, Mshtarii na Zohali (Saturn) zilikaribiana mpaka wengine wakaona ni nyota moja, magazeti yote yakaandika. Nazo pale zilikuwa zimepishana zaidi ya km milioni 700.

#4 Mla Mihogo

Hapo nimekupata mkuu, mnara na chips nimeelewa. Sasa hizo namba tatu za Zuhura, ipi ya kweli?

#5 Fundi Redio

Zote.

#6 Siti ya Dirishani

😂😂 huyu naye

#7 Fundi Redio

Subiri nimalize basi. Chukua kipilefti, bajaji mbili zinazunguka bila kutoka, moja njia ya ndani moja ya nje. Ya ndani inazunguka mduara mfupi na pia inakimbia zaidi. Kuna wakati zinakuwa ubavu kwa ubavu mnaweza hata kupeana chenji, baada ya muda ya ndani inakuwa imeshakwenda upande wa pili, bustani na mnara wa saa uko katikati yenu, hamuonani. Ukiniuliza umbali kati ya bajaji hizo mbili ni mita ngapi lazima nikuulize saa ngapi. Sayari ndo hivyohivyo, ya ndani siku zote inakimbia kuliko ya nje, Zuhura inakwenda km 35 kwa sekunde, sisi karibu 30, Mirihi 24. Hakuna zinazokwenda sambamba.

Sasa ile 41 ni ya mtu aliyefanya kutoa tu, 149.6 toa 108.2, ndo mkiwa ubavu kwa ubavu kama njia zingekuwa duara safi. 38 ni kwa sababu sio duara safi, ndo karibu kabisa inapoweza kufika. 261 ndo Zuhura ikiwa ng'ambo ya Jua mbali kabisa. Kutoka 38 mpaka 261, karibu mara saba, na inakwenda na kurudi kila siku 584. Kwa hiyo mtu akikuandikia "Zuhura iko umbali wa km milioni 41" bila tarehe amekudanganya kistaarabu.

(Wenye hasira: najua sayari zinazunguka kinyume na kipilefti chetu, msinijie PM)

#8 Mwalimu Chaki

Nimepita nikaona nisipite bure. Huyo wa kwenye video aliyesema sayari ya kwanza ndo ya karibu, hajakosea, na hilo jambo wanafunzi wangu wenyewe ndo walinifanya niamini, kwa sababu mimi pia mwanzo nilipolisoma nilisema hawa wanacheza na maneno.

Mwaka 2019 watu watatu wa Marekani waliandika kwenye jarida la Physics Today kwamba tusitazame sayari mbili zinafika karibu kiasi gani, tutazame wastani wa umbali wao kwa muda wote. Wakapiga hesabu, halafu wakatumia kompyuta kuzizungusha sayari miaka 10,000. Ikatoka kwamba jirani wa karibu wa Dunia kwa wastani ni Utaridi, sio Zuhura.

Mimi nikawatoa watoto nje kwenye kibaraza cha sementi, tukiwa na chaki, kamba, vizibo vya soda na futi ya fundi cherehani, ile ya plastiki ya mke wangu (amenisema mpaka leo, ina vumbi la chaki). Kipimo sentimita 1 ni km milioni 10. Jua katikati, tukachora mduara wa Utaridi sm 5.8, wa Zuhura 10.8, wa Dunia 15, wa Mirihi 22.8. Dunia tukaiacha imekaa palepale kwenye saa kumi na mbili, haina haja ya kuizungusha kwa sababu tunachotafuta ni hiyo nyingine iko upande gani ukilinganisha na sisi. Kisha kizibo cha Zuhura tukakitembeza kama mshale wa saa, vituo 12, kila kituo mtoto mmoja anapima mwingine anaandika ukutani.

Zuhura: ikiwa ubavuni kwetu 4.2, kituo cha pili 7.8, cha tatu 13.4, robo ya duara 18.5, halafu 22.5, 25, na upande wa pili kabisa 25.8, kisha inarudi vilevile kwa upande mwingine. Jumlisha zote 12 gawa kwa 12, wastani 17.

Utaridi: 9.2, 10.4, 13.1, 16.1, 18.6, 20.2, 20.8. Wastani 15.6.

Mirihi: inaanza 7.8 vizuri tu, inaishia 37.8. Wastani 25.3.

Kuna mtoto mmoja mdogomdogo mkaidi sana, akasema mwalimu tumekosea, turudie. Tukarudia. Ikatoka ileile. Akakaa chini akazitazama zile namba ukutani akasema "Zuhura inakuja kusalimia halafu inapotea, Utaridi haiji lakini pia haiondoki." Mimi nimefundisha miaka 19 sijawahi kueleza jambo vizuri kama vile.

Angalia hiyo robo ya duara. Zuhura ikiwa imetuacha robo tu, iko 18.5, tayari iko mbali kuliko Jua lenyewe ambalo ni 15. Kwa hiyo muda mwingi wa mzunguko wake iko mbali, ule ukaribu wa 4.2 ni wa kupita. Utaridi kwa kuwa inazunguka palepale jirani na Jua, haiwezi kuwa mbali na mtu sana kuliko Jua lilivyo mbali naye. Na hapo ndo penye kichekesho, hilo ni kweli kwa sayari zote. Jirani wa karibu wa Mirihi kwa wastani ni Utaridi. Wa Mshtarii, Utaridi. Mpaka Neptuni kule mwisho wa kijiji, jirani yake wa karibu kwa wastani ni Utaridi na sio Uranusi anayepakana naye.

#9 Omosh wa Ruiru

Wueh. Mwalimu hapo kwa Neptuni umenipoteza kabisa. Neptuni na Uranusi si wamekaa plot moja karibu?

#10 Mwalimu Chaki

Wamepakana njia, ndiyo. Lakini Neptuni iko km bilioni 4.5 kutoka kwenye Jua na Uranusi bilioni 2.9, hiyo bustani iliyoko katikati yao ni kubwa mno. Zikiwa upande mmoja zinakuwa kama bilioni 1.6, zikiwa pande tofauti bilioni 7.4. Wastani unakuja karibu bilioni 5. Utaridi kwa Neptuni ni bilioni 4.5 leo, 4.5 kesho, 4.5 ukiwa umekufa.

#11 Bi Mkubwa wa Mtaa wa Pili

Samahanini naomba kuuliza, Utaridi ndo ipi? Sisi shule tuliimba Zebaki ndo ya kwanza na Utaridi ilikuwa Pluto, ya mwisho kabisaaa. Sasa hapa mnasema Utaridi iko jirani na Jua nimebaki mdomo wazi, mwalimu wangu alinichapa kwa ajili ya hilo swali 😭

#12 Mwalimu Chaki

Pole dada yangu, vitabu vilipishana. Zebaki na Utaridi ninayoisema mimi ni kitu kimoja, ile ya kwanza. Viboko havirudishwi.

#13 Mtoro wa Muscat

Naam, huku Uarabuni Utarid ni ya kwanza siku zote, kisha Zuhra, Ardhi, Mirrikh, Mushtari, Zuhal. Majina yetu ya Kiswahili yametoka humo. Endeleeni nasoma.

#14 Omosh wa Ruiru

Sawa mwalimu nimekubali hesabu, lakini swali langu ni hili, hiyo wastani itamsaidia nani? Mimi nikiwa na jirani ambaye ni mara moja kwa mwezi ananiletea chapati mpaka mlangoni, na mwingine ambaye siku zote yuko mita mia tano hajawahi nikaribia, jirani ni yule wa chapati bana. Hata vyombo vya kwenda huko wanangoja sayari ikaribie, hawaendi kwa wastani.

#15 Siti ya Dirishani

Wa chapati apewe maua yake

#16 Fundi Redio

Omosh ana hoja, ila hata hiyo ya "wanangoja ikaribie" ina utata wake. Wengi wanafikiri Mirihi ikiwa karibu kabisa ndo unarusha chombo kinyooke kama jiwe la manati. Hapana. Chukua 2020, Mirihi ilikuwa karibu yetu kabisa tarehe 6 Oktoba, km milioni 62. Wamarekani walirusha kile kigari Perseverance tarehe 30 Julai, zaidi ya miezi miwili kabla. Kikafika 18 Februari 2021, wakati huo Mirihi imeshatukimbia iko kama milioni 204. Na chombo chenyewe kilisafiri km milioni 471! Kwa sababu kinatoka kikiwa bado kina ule mwendo wa Dunia wa km 30 kwa sekunde, kwa hiyo kinapinda kuzunguka Jua polepole kinapanuka kwenda nje, na unakipigia hesabu kikutane na Mirihi pale itakapokuwa baada ya miezi saba. Ni kama kurukia daladala inayotembea, hukimbilii pale ilipo, unakimbilia pale itakapofika mlango.

Ukikosa hapo unasubiri miezi 26 mingine, siku 780, ndo Dunia inaikamata tena Mirihi. Sisi tunamaliza mzunguko kwa siku 365, yenyewe 687, kwa hiyo tukishaipita inatubidi tuzunguke mara mbili na zaidi ndo tuikute tena. Kile kigari cha Ulaya, Rosalind Franklin, kilikosa msimu wa 2020, wakakiweka 2022, ule mzozo wa Urusi ukakikwamisha tena, sasa hivi kinatajwa 2028. Miaka minane imepotea wakati sayari yenyewe haijaenda popote, inazunguka tu.

#17 Mtoro wa Muscat

Julai hiyohiyo 2020 Emirati nao walirusha chao, Al-Amal, kilipaa kutokea Japani. Kikafika 9 Februari 2021, wa China akafika kesho yake, Mmarekani baada ya siku nane. Watu watatu hawapendani wamerusha mwezi mmoja na kufika mwezi mmoja, sio kwamba walikubaliana, ni msimu tu. Kama pepo za kaskazi, jahazi zote zinatoka siku zilezile.

Siku ile ya Februari huku ofisini tulisimamisha kazi kutazama. Nakumbuka mtangazaji akisema tukipata ishara ujue jambo limeshatokea dakika kumi na moja zilizopita. Mimi hilo ndo lilinikaa.

#18 Fundi Redio

Ndiyo. Na habari za Perseverance kushuka zilitufikia saa sita kasoro dakika tano usiku saa za kwetu, nilikuwa macho. Ishara inasafiri kwa mwendo wa mwanga lakini km milioni 204 ilichukua dakika 11 na sekunde 22. Mirihi ikiwa karibu kabisa ni dakika 3 tu, ikiwa mbali kabisa milioni 401 ni dakika 22. Na ikiwa nyuma ya Jua hakuna mazungumzo, wahandisi wanaacha kutuma amri kama wiki mbili maana Jua linachafua mawimbi, likikula neno moja katikati ya amri unaweza kukipoteza chombo. Januari 2026 ni moja ya nyakati hizo.

Kazi yangu ni redio nimezoea kusema mawimbi yanafika "papo hapo". Sio papo hapo.

#19 Mwalimu Chaki

Hapo umegusa pale nilipotaka kufika, na Omosh nakujibu humuhumu. Huu umbali unaobadilika sio usumbufu, ndo uliotufundisha mambo.

Mwaka 1676 kulikuwa na Mdenmaki mmoja anafanya kazi Paris, Ole Rømer. Alikuwa anatazama mwezi mmoja wa Mshtarii unaoitwa Io, ambao unajificha kwenye kivuli cha Mshtarii kila baada ya saa 42 na nusu, kama saa ya ukutani. Sasa akagundua saa hiyo inachelewa, Dunia ikiwa inaondoka kwenda mbali na Mshtarii, Io inachelewa kidogo kidogo dakika zinajikusanya, Dunia ikianza kurudi inawahi. Wenzake wakasema mwezi una matatizo. Yeye akasema mwezi hauna tatizo lolote, ni mwanga unaochukua muda kutufikia na tunapokuwa mbali una safari ndefu zaidi. Kabla yake wakubwa wengi walikuwa wanaamini mwanga hauna safari, unafika tu. Alipata kama dakika 22 za kuvuka njia ya Dunia kutoka upande mmoja hadi mwingine, leo tunajua ni kama 16 na nusu, lakini wazo lilikuwa sahihi na kifaa chake kilikuwa darubini na uvumilivu.

Halafu hao majirani wa mwisho wa kijiji. Uranusi iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, watu wakaanza kuipigia hesabu itakuwa wapi mwaka gani, ikawa haikai kwenye hesabu. Mwanzo ilikuwa inakimbia kuliko inavyotakiwa, ikafika miaka ya 1820 ikageuka ikaanza kuchelewa. Fikiria wewe unamfuata mtu gizani humwoni, amekushika mkono anakuvuta mbele, ukishampita anakuvuta nyuma. Basi ndo ilivyokuwa, Uranusi inazunguka kwa miaka 84, kulikuwa na nyingine ya nje yake inayotumia miaka 165, na miaka ya 1820 ndo Uranusi ilikuwa inaipita kwa ndani. Mfaransa Le Verrier akakaa na karatasi akapiga hesabu huyo mtu wa gizani yuko wapi, akamwandikia mtazama nyota Galle kule Berlin, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Galle akaelekeza darubini akaikuta, chini ya nyuzi moja kutoka pale alipoambiwa. Ndo Neptuni. Kwa hiyo kama zingekuwa kwenye pande tofauti za Jua miaka hiyo, kuvutana kwenyewe kungekuwa hafifu na huenda wangechelewa sana kuikuta. Zilikuja kupishana tena 1993.

#20 Omosh wa Ruiru

Sawa hiyo ya kuvutwa mkono gizani nimeipenda. Narudisha maneno yangu nusu. Nusu ya chapati inabaki.

#21 Bi Mkubwa wa Mtaa wa Pili

Na Mirihi na mwezi? Leo tarehe 26, kesho tunatoka nje au hatutoki

#22 Fundi Redio

Lala dada. Kesho Mirihi iko zaidi ya km milioni 300 na inazidi kwenda, ni kinukta tu kwenye anga ya magharibi baada ya Jua kuzama, saa sita usiku imeshazama zamani.

Hiyo meseji ina asili ya kweli ndo maana haifi. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilikuja mpaka km milioni 55.8, ilikuwa haijatukaribia hivyo kwa karibu miaka 60,000. Kulikuwa na andiko linasema ukitumia darubini inayokuza mara 75 utaiona kubwa kama unavyouona mwezi kwa macho matupu. Mtu akakata "darubini" na akakata "2003", akasambaza. Tangu hapo kila Agosti.

Ila kitu ambacho shangazi wa mtoa mada hajui ni kwamba ukaribu wa kila miezi 26 haulingani. Njia ya Mirihi imebonyea upande mmoja, kuna sehemu iko km milioni 207 toka kwenye Jua na sehemu nyingine 249. Sisi tunapita jirani na ile sehemu yake ya ndani mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo ukikutana nayo Julai, Agosti, Septemba unapata ukaribu mkubwa, ukikutana nayo Februari au Machi ni ukaribu wa kinafiki. Julai 2018 ilikuwa milioni 57.6, nzuri sana, nyekundu kama kaa la moto. Januari 2025 milioni 96. Februari 2027 itakuwa milioni 101. Halafu itaanza kusogea tena, Septemba 2035 milioni 57. Hiyo ndo muiweke kwenye kalenda.

#23 Mwalimu Chaki

Na sio bahati kwamba miezi miwili ya Mirihi, Phobos na Deimos, iligunduliwa Agosti 1877. Ulikuwa mmoja wa mikutano hiyo ya karibu, aliyeigundua, Asaph Hall, alijua darubini ielekezwe lini.

#24 Siti ya Dirishani

Nimemaliza karanga, nina swali. Mwalimu umesema Utaridi kwa wastani. Sasa siku ile mama mtu anaangalia Zuhura na Mshtarii, ipi ilikuwa karibu KWELI, siku hiyohiyo?

#25 Mwalimu Chaki

Swali zuri kwa mtu wa karanga. Utaridi. Ilikuwa imetupita kwa ndani siku chache tu kabla, mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo tarehe 12 ilikuwa chini ya km milioni 130. Zuhura kama alivyosema Fundi, 190. Mirihi zaidi ya 300. Na nayo ilikuwa palepale mashariki, chini yake, karibu na upeo, ila imefifia kwa mwanga wa alfajiri ndo maana hakuna aliyeitaja.

#26 Mla Mihogo

Wakuu mimi mwenye uzi nimerudi. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa barazani na mtoto wa dada yangu na chaki, sina haya.

Mama nimempigia nimempa jibu la mnara na chips. Kasema sawa ameelewa, lakini kama ziko mbali hivyo na zinazunguka mwendo tofauti, basi hiyo kukaribiana itatokea tena na tena, nimwambie lini ili awaamshe watu wa Korogwe. Bado sijamjibu.

Sasa mwalimu, nimepima Utaridi vituo vyote 12 nimepata wastani 16.9. Wewe ulipata 15.6. Nimerudia mara mbili, inatoka ileile. Nimekosea wapi?

#27 Mwalimu Chaki

Ulitumia kizibo cha soda? Na futi umeshikilia wapi, katikati ya kizibo au ukingoni?

#28 Mla Mihogo

Ukingo wa nje, ule ulio mbali na Dunia.

#29 Mwalimu Chaki

Kizibo kina upana wa sm 3 hivi. Weka alama katikati yake upime hapo.

#30 Mla Mihogo

15.5. Mirihi kesho, chaki imeisha.